Mwenza Anayeambatana

Fomu ina kurasa kumi na mbili.
Kwenye ya tatu Nvard ndiye mwombaji:
fundi wa meno ya bandia, mkataba wa miaka miwili,
mshahara kwa tarakimu na kwa maneno
wasije wakasema hawakuona.
Mimi naanzia ukurasa wa tisa.
Mwenza anayeambatana.
Nikaliambatanisha jina langu na lake kwa pini,
Hrach, mwana wa Mkrtich, miaka arobaini na mmoja,
fundi lifti, mji wa Gyumri,
pini ikanichoma kidole.
Nvard akasema: usinidondoshee damu kwenye cheti.

Wanataka ushahidi kwamba tunapendana.
Hawakuandika hivyo. Wameandika "uhalisi wa ndoa".
Cheti tunacho, kimetafsiriwa, mfasiri kagonga mihuri mitatu
na jina la mama yangu kalikosea mara mbili.
Bili ya gesi bado inakuja kwa jina la baba mkwe,
ambaye gesi haimhusu tena.
Picha ndizo taabu: miaka kumi na mmoja, picha sita,
na kwenye nne mimi ni kisogo.
Ushahidi mwingine ninao, ila haupigwi muhuri:
akiamka saa kumi alfajiri huvaa soksi zangu,
akirudi ana vumbi la plasta kwenye nyusi
nami humfuta kwa kidole gumba
bila kukatiza alichokuwa akisema.
Hiyo niibandike wapi?

Yerevan, dirisha namba nne, wakatutenganisha.
Kijana mpole, ana mafua, akaniuliza:
mkeo hulala upande gani?
Wa ukutani, nikasema, wakati wa baridi.
Kiangazi hulala sakafuni.
Akaandika.
Jana usiku mlikula nini?
Maharage na vitunguu.
Chumba cha pili, Nvard akajibu: hatukula kitu.
Sote tulisema kweli.
Yeye alisukuma sahani akikariri Kijerumani,
jino, ufizi, taya, jino,
na mimi, ambaye woga hunipa njaa,
nikamaliza langu, nikamaliza na lake.
Lakini utamwelezaje hayo mtu wa nyuma ya kioo,
naye anapenga kamasi na foleni imefika mlangoni?

Kwenye treni ya kurudi tulikaa kimya vituo vitano.
Kisha: ulisema maharage?
Nilisema maharage.
Akacheka hadi mkagua tiketi akageuka,
akacheka hadi machozi,
kicheko kikaisha, machozi yakabaki.

Viza yake ilitoka Jumanne. Yangu "inashughulikiwa".
Neno hilo nalijua, nimelitumia miaka kumi na tisa
kwa watu walionasa kati ya ghorofa na ghorofa:
tulieni, inashughulikiwa,
huku napekua mfuko nikitafuta bisibisi
niliyoisahau nyumbani.

Sanduku lake liko wazi sebuleni.
Kila siku huingiza kitu kimoja, hutoa viwili.
Jana usiku nilimkuta anatoa koti lake la sufu
ili soksi zangu zienee.
Sikuuliza. Nilirudi kitandani,
upande usio wa ukutani.

Leo Bibi Siranush kakwama, kati ya ya nne na ya tano,
na kilo tatu za viazi.
Niko chumba cha mashine, grisi hadi viwikoni,
simu ikalia mfukoni.
Saa tatu kamili. Marafiki zangu hawapigi saa tatu kamili.
Ikalia. Ikanyamaza. Ikalia tena.
Kutoka chini, kwenye giza la shimo, sauti:
"Pokea, mwanangu! Mimi nimekwama tu, sijafa."

Nikajifuta mikono kwenye suruali.
Nikaishika breki kwanza,
nikamshusha taratibu, shibiri baada ya shibiri,
simu ikinitetemekea pajani,
mpaka nikasikia mlango wa nne ukifunguka
na viazi vikibingirika.